Kujenga Fremu ya Nyuma na Kiti cha Pikipiki Karakanani: Mwongozo Kamili

Sehemu ya fremu iliyo nyuma ya tangi la mafuta ndiyo inayombeba mtu. Uzito wako, wa abiria, wa betri, wa madigadi na wa taa ya nyuma, wote unategemea mabomba mawili yanayotoka kwenye fremu kuu kuelekea mkiani. Ndiyo sababu sikubaliani na desturi ya kuianza kazi hii kwa grenda. Mtu anaona picha ya pikipiki yenye mkia mfupi, anakata mkia wa yake siku hiyohiyo, halafu ndipo anajiuliza betri itakaa wapi na tairi litagonga nini likipanda. Utaratibu unaofaa huanza na mtu aliyeketi, ukafuata gurudumu linavyopanda na kushuka, kisha njia ambayo uzito utapita hadi ufike kwenye fremu kuu. Umbo la mkia huamuliwa baada ya hayo, na ukiyafuata kwa uaminifu, mara nyingi umbo zuri hujitokeza lenyewe.

Ijue kwanza pikipiki iliyo mbele yako

Ziko pikipiki zenye shokapu mbili, moja kila upande, na ziko zenye shokapu moja katikati. Tofauti hiyo inaamua ugumu wa kazi yote. Penye shokapu mbili, ncha zake za juu hufungwa kwenye fremu ya nyuma yenyewe. Kila shimo la barabarani linapiga hapo moja kwa moja, kwa hiyo unapogusa mabomba hayo unagusa mwendo wa gurudumu. Penye shokapu moja, nguvu ya gurudumu kwa kawaida huishia kwenye fremu kuu, na fremu ya nyuma hubaki na kazi ya kubeba watu na vifaa. Nyingi za aina hii hufungwa kwa bolti. Huko ni kwema: unaweza kujenga fremu mpya kabisa mezani ukitumia matundu yaleyale, huku ile ya kiwandani ukiihifadhi nzima kwenye rafu.

Kama fremu yako ya nyuma ni ya alumini, usiikate na kuiunga. Alumini iliyopewa ugumu kwa joto kiwandani hupoteza sehemu kubwa ya ugumu huo karibu na mshono wa kuchomelea, na macho hayawezi kuliona badiliko hilo. Jenga nyingine ya chuma inayofungwa kwa bolti palepale.

Kabla ya kukata chochote, ulizia sheria ya mahali ulipo. Nchi nyingi hutaka fremu iliyobadilishwa ikaguliwe, na bima inaweza kukataa kulipa kama hukuwaarifu. Nambari ya fremu, ambayo mara nyingi imepigwa kwenye shingo ya usukani, haiguswi kwa msasa wala rangi nzito.

Kupima

Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko zote, hata kuliko kuchomelea.

Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu iliyo sawa, ukitumia pimamaji. Ishikilie kwa vyuma vinavyotoka sakafuni au mezani, isiyumbe kabisa. Injini ibaki ndani ya fremu, kwa sababu inasaidia fremu isijikunje wakati wa joto. Chagua alama mbili zisizohama: katikati ya shingo ya usukani na katikati ya bolti ya swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Vuta uzi kati ya alama hizo na uuendeleze hadi nyuma ya gurudumu. Huo ndio mstari wa katikati, na kila kipimo cha kushoto na kulia kitatoka kwenye uzi huo. Usitumie ukingo wa bomba la zamani kama rejea, maana hujui pikipiki imewahi kuanguka mara ngapi.

Sasa andika mahali zilipo ncha za juu za shokapu: umbali kutoka bolti ya swingamu kwenda nyuma, kimo kutoka hapo kwenda juu, na umbali kutoka kwenye uzi, kwa kila upande peke yake. Nukta hizo mbili zirudi palepale baada ya kazi. Ukizisogeza mbele au nyuma, mlalo wa shokapu hubadilika, na shokapu iliyolala zaidi hulainika hata kama springi ni ileile.

Kisha gurudumu. Ondoa shokapu, pima urefu wake kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, kisha pima fimbo yake inayoonekana wakati imenyooka kabisa. Toa kipimo cha fimbo kutoka kwenye urefu huo. Mpira mdogo wa kuzuia mgongano uchukulie kwamba haupo. Jibu ni urefu wa shokapu iliyobanwa hadi mwisho. Chukua chuma bapa, toboa matundu mawili kwa umbali huo, na ukifunge mahali pa shokapu. Gurudumu sasa limesimama juu kabisa, pale litakapofika siku ukikanyaga shimo ukiwa na abiria. Kati ya tairi na kitu chochote kilicho juu yake, iwe bomba, madigadi, waya au kichwa cha bolti, acha nafasi isiyopungua milimita 30. Tairi hutanuka kidogo kwa kasi, na matope nayo yanahitaji pa kupita.

Tengeneza chuma bapa cha pili kinacholingana na urefu wa shokapu wakati mtu ameketi. Hicho ndicho kimo cha kuchora nacho. Weka ubao na vipande vya sponji juu ya mabomba, keti, shika usukani, weka miguu kwenye vikanyagio. Kaa hapo dakika kadhaa, maana mwili huchelewa kulalamika. Goti likikunjika mno au ukihisi unateleza kuelekea tangini, inua au shusha sasa, wakati badiliko halina gharama yoyote. Kiti kinachoinama mbele humchosha mtu mikono, kwa sababu anajisukuma nyuma safari nzima. Kiache kiwe sawa, au kiinuke kidogo sana upande wa mbele.

Uzito unapita wapi

Nitaweka hesabu hapa, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha fremu na pambo.

Chukua dereva wa kilo 75. Pikipiki ikipiga shimo, mzigo unaosikika na fremu huzidi uzito wa kawaida, na kwa makadirio ya karakana tunazidisha kwa 3. Hiyo ni 75 × 9.81 × 3, karibu nyutoni 2,207. Kama makalio yake yako milimita 100 nyuma ya mahali pa mwisho ambapo bomba limeshikwa, mkunjo, yaani nguvu mara umbali, ni kama nyutoni-mita 221, zinazogawanywa kwa mabomba mawili: 110 kila moja. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 25 lenye unene wa milimita 2 litapata mkazo, yaani nguvu kwa kila kipande cha eneo la chuma, wa takriban megapaskali 143. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 235. Hapo kuna nafasi, ingawa si kubwa ukikumbuka kwamba mtetemo wa kila siku huchosha chuma chini ya kiwango hicho.

Ongeza abiria wa kilo 75, na uzito wao wa pamoja uwe milimita 250 nyuma ya mshiko. Mkunjo unafika nyutoni-mita 1,104, kila bomba 552, na mkazo unaruka hadi megapaskali 717. Bomba limekwisha. Ukiongeza unene hadi milimita 2.5 unapata 609. Ukichukua kipenyo cha 28 kwa unene wa 2 unapata 556, tena kwa uzito mdogo kuliko lile la 25 kwa 2.5, jambo linaloonyesha kwamba kipenyo husaidia kuliko unene. Hata hivyo yote matatu yamevuka mpaka.

Kinachookoa ni pembetatu. Toa bomba la mshazari kutoka karibu na pale uzito unapokaa, lishuke mbele hadi kwenye fremu kuu karibu na bolti ya swingamu. Mzigo uleule wa watu wawili, nyutoni 2,207 kila upande, sasa unasukuma mhimili huo kwa urefu wake badala ya kulikunja bomba la juu. Mhimili ukiinuka nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, nguvu ndani yake ni mara mbili, yaani nyutoni 4,414. Bomba la milimita 22 kwa 2 linapata mkazo wa megapaskali 35 tu. Kutoka 717 hadi 35, kwa vipande viwili vya bomba! Ila usiulaze mno: ukiulaza hadi nyuzi 15, nguvu inakuwa karibu mara nne ya mzigo.

Kwa hiyo mkia mrefu usio na mihimili, unaopendeza sana pichani, haufai kubeba abiria. Ukiupenda hivyo, jenga kiti cha mtu mmoja, makalio yawe mbele ya mahali shokapu zinapofungwa, na ondoa kabisa vikanyagio vya abiria ili asiwepo mtu wa kujaribu.

Bomba lenyewe

Bomba la chuma cha kawaida la kipenyo cha milimita 22 hadi 28, unene wa 2 hadi 2.5, linatosha kwa pikipiki nyingi. Lisilo na mshono ni bora kwa sehemu za kukunjwa. La mshono linafaa pia, ila unapolikunja elekeza mshono ubavuni mwa mkunjo, usiwe upande wa ndani wala wa nje. Chuma chenye kromiamu na molibdeni, kile kinachoitwa 4130, kina nguvu zaidi, lakini kinadai uangalifu mkubwa wa kuchomelea. Faida yake huonekana ukitumia bomba jembamba sana. Kwa fremu ya kwanza siioni sababu yake.

Bomba la maji liache. Kwanza, jina lake halilingani na kipimo: la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, kwa hiyo halitaungana vizuri na bomba la pikipiki. Pili, likiwa limepakwa zinki, moshi wake unapochomelewa huleta homa, kichefuchefu na maumivu ya mwili, na zinki inayoingia kwenye mshono huacha matundu.

Kukunja kuna kanuni moja kubwa: nusu kipenyo cha mkunjo, kikipimwa hadi katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Bomba la 25 likunjwe kwa milimita 75 au zaidi. Pungufu ya hapo linabonyea na kupoteza nguvu pale unapoihitaji. Kwa kitanzi cha nyuma, yaani bomba lililokunjwa linalounganisha mabomba mawili mkiani, chenye upana wa milimita 200 kutoka katikati hadi katikati, mkunjo una urefu wa 3.14 × 100, yaani milimita 314. Ongeza milimita 100 zilizonyooka kila ncha, utakata ziada baadaye. Ukikunja kwa moto, jaza mchanga mkavu kabisa, uliokaangwa, na uzibe ncha kwa mbao. Mchanga wenye unyevu ndani ya bomba lililozibwa hugeuka mvuke na unaweza kulirusha bomba kama risasi. Kama huna kifaa cha kukunjia kinachofaa, nunua kitanzi kilichokwisha kukunjwa, hakuna aibu yoyote ndani yake.

Kukata na kuunga

Kata kwenye sehemu iliyonyooka, kamwe si kwenye mkunjo, na uache kisiki cha milimita 40 hadi 50 baada ya kiungo cha mwisho cha fremu kuu. Baada ya kukata, pima bomba la zamani kwa kalipa, nje na ndani. Usikisie. Viwanda hutumia vipimo tofauti hata kwenye fremu moja. Vipande ulivyovikata usivitupe mpaka kazi iishe, kwa kuwa vina vipimo ambavyo hukufikiria kuviandika.

Kiungo cha bomba jipya na la zamani hakifanywi kwa kugusanisha ncha na kuzunguka na moto. Ndani yake huingia kipande kingine. Bomba la 25 kwa 2 lina uwazi wa milimita 21. Tafuta bomba nene au chonga chuma kwenye mashine ya kukereza kiingie kwa kusukumwa na mkono, bila kucheza. Kiingie milimita 40 kila upande. Kama bomba lina mshono, ondoa kwa tupa ule uvimbe wa ndani kwanza. Toboa matundu mawili ya milimita 8 kila upande wa kiungo, yakitazamana na kuachana kidogo, takriban milimita 20 kutoka kwenye ncha. Hayo utayajaza kwa moto ili kipande cha ndani kishikwe. Ncha za mabomba zichongwe mshazari na ziachane milimita 2. Hapo moto unashika vitu vitatu kwa pamoja: bomba la zamani, bomba jipya na kipande cha ndani.

Mahali bomba linapokutana na ubavu wa lingine, ncha ikatwe ikumbatie ule mviringo. Fungia karatasi kwenye bomba, chora mkato, kata kwa grenda, malizia kwa tupa ya duara. Ukitazama dhidi ya mwanga, mwanya usizidi milimita 1. Kujaza mwanya mpana kwa moto kunavuta bomba likipoa, na fremu inapinda.

Vibati vya kuimarisha pembe, vya unene wa milimita 3, vinasaidia vikikatwa vizuri. Kibati kinachoishia ghafla katikati ya bomba, kikiwa na mshono wa kukatiza, huanzisha ufa palepale. Kichongoe ncha zake zififie taratibu kufuata urefu wa bomba, na usifunge moto kwenye ncha yenyewe.

Kuchomelea

Ondoa tangi la mafuta na mipira yake, likae nje ya karakana. Ondoa betri. Chomoa kompyuta ya injini kama ipo. Klampu ya ardhi ya mashine ifungwe kwenye bomba lilelile unalochomelea, karibu na mshono, la sivyo umeme unaweza kupita kwenye beringi za usukani au za swingamu na kuziachia makovu.

Safisha chuma hadi king'ae, milimita 30 kila upande, pamoja na ndani ya ncha. Pangusa kwa asetoni na uiache ikauke kabisa. Hapa pana hatari isiyojulikana na wengi: dawa ya kopo ya kusafishia breki, ile yenye klorini, ikikutana na joto na mwanga wa moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, ambayo inaweza kuua. Isiwe popote karibu na kazi hii.

Mashine ya waya wa milimita 0.8 yenye mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi inafanya kazi hii vizuri. Mashine ya TIG, ile ya sindano ya tungsteni na gesi, inatoa mshono safi zaidi mikononi mwa anayeijua. Hata ya fimbo inawezekana, kwa fimbo za milimita 2 au 2.5 kwenye bomba lisilopungua unene wa 2, ingawa inadai mkono uliozoea. Mashine yoyote uliyonayo, fanya jaribio kwenye masalio ya bomba lilelile: unga vipande viwili kwa umbo la T, bana kwenye jiliwa, kisha piga kwa nyundo hadi kitu kiachie. Mshono ukibanduka kama ganda, moto haukuingia. Ongeza umeme, rudia. Usiiguse fremu mpaka bomba lianze kupinda na kuchanika kabla ya mshono. Na kama haifiki hapo, panga vipande, vishikize, kisha mpelekee mchomeleaji mzoefu amalizie. Sehemu ya thamani ya kazi hii ni vipimo, na hivyo vitabaki kuwa vyako.

Shikiza kila kiungo kwa nukta nne, viungo vyote, kabla ya kumaliza hata kimoja. Kisha simama upime: timazi kutoka katikati ya kitanzi iangukie kwenye uzi. Mishazari miwili, kutoka ncha ya shokapu ya kushoto hadi kona ya kulia ya kitanzi na kinyume chake, isitofautiane zaidi ya milimita 2. Funga shokapu, funga gurudumu, weka ubao wa kiti, tazama kutoka nyuma kwa umbali. Nukta hukatwa kwa dakika moja. Mshono kamili unakula nusu siku.

Ukiridhika, chomelea kwa vipande vifupi, robo ya mzunguko kushoto, robo kulia, juu kisha chini, ukiacha chuma kipumue. Kipoe chenyewe hewani. Maji au hewa ya kompresa hukifanya kigumu na rahisi kuvunjika. Kwa bomba linalozibwa pande zote, toboa tundu la milimita 3 mahali palipojificha kabla ya mshono wa mwisho. Hewa ya ndani hutanuka kwa joto na hupasua mshono unapotaka kuufunga. Ukimaliza, baki karakanani angalau nusu saa, kizimamoto kikiwa karibu, kwa kuwa cheche hujificha.

Masikio yote, yaani vibati vya kufungia vifaa, yachomelewe sasa: ya kiti, ya betri, ya madigadi, ya taa, ya indiketa na ya bati la nambari. Betri ikae chini na karibu na katikati kadiri inavyowezekana, ndani ya boksi lenye raba. Kila tundu la waya liwe na mpira wa kulinda. Madigadi usiyafupishe mpaka maji ya tairi yamwagike mgongoni kwako na machoni mwa anayekufuata.

Kiti: sahani, sponji, ngozi

Sahani, yaani kitako kigumu cha kiti, inaweza kuwa bati la chuma la milimita 1.5, alumini ya 3, au faibagilasi. Napendelea faibagilasi, kwa kuwa inafuata kila mkunjo wa fremu yenyewe na haili kutu. Funika mabomba kwa utepe wa karatasi, kisha ukingo wa tangi na nyuzi za umeme kwa plastiki, na ujenge umbo kwa kadibodi. Juu yake weka utepe wa plastiki na upake nta ya kutenganisha. Weka mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka nne. Kila tabaka likilowa rezini ya poliesta hutoa takriban milimita 1. Kigandishi huwa asilimia 1 hadi 2 ya rezini, kufuatana na joto la siku na maelekezo ya kopo. Kama rezini yako inauzwa ikiwa na kichochezi cha kobalti kando, kikoroge kwenye rezini kwanza kabisa, ndipo kigandishi kifuate. Viwili hivyo vikikutana vyenyewe bila rezini hulipuka. Vaa glavu, miwani na barakoa ya mvuke, na uache madirisha wazi.

Ikigandika, ikate kingo na uziviringishe. Upande wa mbele weka ulimi unaoingia chini ya bomba linalokatiza fremu, nyuma bolti mbili za M6, yaani za kipenyo cha milimita 6. Kati ya sahani na mabomba bandika raba nne au sita, zigawane uzito. Bila raba, sahani hulia na kupasuka kwenye matundu ya bolti.

Sponji ya godoro haifai, maana ndani ya muda mfupi utakuwa umeketi kwenye sahani. Tumia sponji nzito ya vipande vilivyogandamizwa chini, milimita 30 hadi 40, na juu yake laini kidogo ya milimita 10 hadi 15. Gundisha kwa gundi ya kugusisha, pande zote mbili zipakwe na ziachwe zikauke kabla ya kukutanishwa. Chonga kwa kisu kirefu chenye meno, kisha lainisha kwa grenda yenye diski ya msasa namba 40, kwa mkono mwepesi sana. Upana unapokaa uwe wa kutosha kubeba mifupa miwili ya makalio, na mbele pawe pembamba ili miguu ifike chini. Weka kiti kwenye pikipiki na ukae nusu saa nzima. Ukihisi pointi mbili zinauma, chonga bonde dogo hapo, usiongeze sponji.

Kwa ngozi bandia, chagua ile ya kuhimili jua na maji. Funika sponji kwa plastiki nyembamba, bandika utepe juu yake, chora mishono kwa kalamu, kata, na vipande vilivyotoka ndivyo mifano yako. Ongeza milimita 10 kwa mshono kila upande na milimita 60 za kukunja chini ya sahani. Uzi uwe wa nailoni au poliesta. Wa pamba huoza. Hatua ya mshono iwe milimita 4, kwani mishono iliyosongamana hutoboa ngozi ichanike kama karatasi. Usiweke mshono pale maji yatakapotuama. Plastiki nyembamba ibaki kati ya sponji na ngozi kwa sababu hiyohiyo.

Kuivuta kunahitaji jua au kikausha nywele. Anza katikati mbele, kisha katikati nyuma, kisha pande mbili, na kona mwisho kabisa. Kwenye faibagilasi tumia gundi na riveti fupi zenye washa. Pini za stepla zinashika vizuri kwenye sahani ya plastiki pekee.

Jaribio kabla ya rangi

Usipake rangi bado. Pima kimo cha ncha ya mkia kutoka sakafuni wakati pikipiki iko tupu na swingamu imeshikwa kwa kile chuma bapa cha kimo cha mtu. Waketi watu wawili wazito, warukeruke, washuke. Pima tena. Tofauti yoyote inayobaki ina maana kuna kitu kimepinda, na unarudi kwenye mihimili. Kisha paka mishono rangi nyekundu ya kuchunguza nyufa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, nyunyiza poda nyeupe. Ufa hujichora kwa mstari mwekundu. Endesha pikipiki polepole karibu na karakana, kwanza peke yako, kisha na mzigo, ukikagua kila mara tairi limeacha alama wapi.

Baada ya hapo praima na rangi, au rangi ya unga ya kuokwa, ambayo huiva kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Ziba nyuzi za bolti na nyuso za viungo kabla ya kupelekwa. Wakati wa kufunga, bolti ya M8 ya daraja 8.8 (kiwango cha nguvu ya bolti) hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 25 kwenye chuma kwa chuma. Za shokapu fuata kitabu cha pikipiki yako.

Katika safari za mwanzo, kila unapoosha pikipiki pitisha kidole na tochi kwenye kingo za mishono. Ufa mchanga huonekana kama unywele kwenye rangi, mara nyingi ukiwa na mstari wa kutu ya kahawia. Ukiuona, pikipiki isimame. Usipitishe moto juu yake: toboa tundu la milimita 3 kwenye kila mwisho wa ufa, uchimbe wote kwa grenda hadi kwenye chuma safi, uchomelee upya, na utafute kwanza kilichouleta, kwa kawaida mhimili uliolazwa mno au kibati kilichokatwa vibaya.